Diski Mbili za Mzee Mbwambo

Mzee Mbwambo wa pale Same alikuwa fundi wa kompyuta, na mikono yake ilikuwa ya baraka. Mashine ikiletwa asubuhi imekufa, jioni inaongea. Mabinti zake wawili, Namkunda mkubwa na Nakiete mdogo, aliwafundisha kazi hiyo hiyo.

Sharti lake lilikuwa moja, akilirudia mpaka likachosha masikio: "Usipige windows kwenye mashine ya mtu kabla hujaichungulia diski. Matoleo yako mengi. Lipo dogo la nyumbani, lipo kubwa la ofisini. Juu ya diski mtu ataandika anachotaka. Ukweli uko ndani."

Windows, kwa asiyejua, ndiyo ile programu inayoiamsha kompyuta, na kuipiga ni kuiweka ndani ya mashine. Ukiipa mashine toleo lisilo lake, namba iliyobandikwa kwenye mashine inalikataa. Umepoteza kazi, umepoteza na jina.

Alipoona safari yake ya mwisho imekaribia, mzee akawaita, akampa kila mmoja diski. Ya Namkunda ilikuwa kwenye kasha zuri, lina picha na maandishi yanayong'aa. Ya Nakiete ilikuwa nyeupe tupu, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni kama karanga za stendi.

Weee! Nakiete alilimeza jambo hilo, lakini halikushuka. Mzee akazikwa, matanga yakaisha, dada hao wakaendelea na karakana ya baba yao pamoja, ila mdomo wa Nakiete haukutulia. Mteja akitoka tu, neno.

"Wewe si ndiye mtoto. Mimi niliokotwa."

"Fungua yako uangalie, mdogo wangu," Namkunda humwambia.

"Nifungue nini? Karanga?"

Basi, siku moja Nakiete akapata kazi kwenye ofisi ya shamba la mkonge. Mashine za pale zote zinataka toleo la ofisini. Akili yake ikaenda moja kwa moja kwenye kasha la dada yake. Kuomba hakuomba. Alimwita shangazi yao kutoka milimani, akasema kikao kikae, karakana igawanywe, kila mtu ashike njia yake. Tena akaapa kwamba wakishagawana, kwa Namkunda hakanyagi tena, iwe harusi, iwe msiba.

Shangazi alifika amechoka, akajitupa kwenye kiti. "Haya, semeni. Gari limenitikisa mpaka meno, nisije nikawa nimekuja kusikiliza upuuzi."

"Baba alimpa yeye toleo kubwa, mimi akanipa dogo," Nakiete akasema. "Na anajua, ananitazama tu."

Ungedhani Namkunda atawaka. Hakuwaka. Aliinuka, akalitoa kasha, akaliweka mapajani mwa mdogo wake.

"Chukua. Ni lako. Karakana tusigawane."

Nakiete alilishika kwa ushindi. Akaitumbukiza diski kwenye kompyuta. Lakini mkono uliofundishwa na baba yake haukukubali kuipiga hivi hivi. Akaichungulia kwanza, akafungua lile faili la ndani linalotaja matoleo. Likatokea jina moja tu: toleo la nyumbani.

"Umebadilisha!" akapiga kelele. "Shangazi, umeona? Kanipa nyingine!"

"Nakiete," Namkunda akasema taratibu, "weka na yako."

"Yangu ya nini?"

"Diski za wateja wote unazichungulia. Hata ya yule muuza nyama uliichungulia, na inanuka. Ya baba yako ndiyo imekushinda?"

Shangazi akadakia: "Weka, we mtoto, kabla sijaiweka mimi. Na mimi sijui hata inapoingilia."

Akaufungua ule mfuko, akaiweka. Majina yakajipanga kwenye kioo, moja chini ya jingine: toleo la nyumbani, la shule, la ofisini. Yote yalikuwa ndani ya ile nyeupe.

Mwenzangu! Nakiete alisikia uso unamwaka, akatamani sakafu ipasuke.

"Ulijua, dada?"

"Yangu niliichungulia siku ile ile aliyonipa. Nilipoona ni ndogo, nikajua kubwa iko kwako."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniamini? Ungesema nalitetea kasha. Iliniuma na mimi, Nakiete. Nililia jikoni peke yangu. Halafu nikajiambia, mimi wateja wa majumbani wananijua tayari. Mwenzangu ndiye anaanza. Baba hakukosea, acha awe na yote."

Nakiete alimrudishia dada yake kasha kwa mikono miwili, goti likiwa chini, kama anavyopewa mkubwa. Kisha akachukua diski mpya isiyo na kitu, akaanza kumnakilia dada yake yale matoleo yote.

Shangazi aliwatazama, akaguna. "Ndugu wakipatana, chukua kapu ukavune. Haya, mimi niliyeitwa kuja kugawa, kapu langu liko wapi?"

Kama yupo ndugu mliyenuniana naye, mpelekee hadithi hii leo, kabla hujakaa kula.

Funzo: Usililie fungu la ndugu yako wakati lako hujalifungua, na ukijaliwa ndugu anayekuvumilia ukiwa umekosea, huyo ni urithi mkubwa kuliko chochote ulichoachiwa.