Chungu Kisicho na Chumvi

Nipeni masikio, na mwenye usingizi aende zake akalale. Katika mji wa Manzara, mbali na bahari, alitawala Sultani Zeidi bin Mundhiri, mtu wa huruma lakini mwoga mno wa wezi, na kidoleni alivaa pete iliyomfunga jini Dahmari amjengee kila aliloamuru. Na kila mwaka akiketi barazani kugawa mali ya hazina, waziri humwambia gereza limejaa, naye huisugua pete, na jini huongeza vyumba, na walinzi huongezwa, na chumvi ikatozwa kodi ili walinzi walipwe. Kadhi alikuwa mmoja tu, maskini, mzee hasikii vizuri, na fungu lake halikutosha hata mafuta ya taa. Basi kuingia gerezani kulikuwa upesi, na kuhukumiwa hakuhukumiwi mtu.

Miongoni mwa waliongoja alikuwamo Famau, mshona kanzu, aliyeshikwa kwa tuhuma ya kumwiba punda wa waziri. Punda alirudi mwenyewe kesho yake, ameshiba mtama wa watu, lakini shauri halikusikilizwa na Famau akabaki ndani. Mchumba wake, Mwanakheri, alikuwa binti yatima, na hina yake ya arusi ilikuwa imekwisha kutwangwa siku ile Famau aliposhikwa. Kila siku alimpelekea chakula, maana gerezani mtu hula cha kwao, na kwa kuwa chumvi imemshinda bei alipika bila hata chembe, akaona haya, akakifunika chungu kwa kitambaa cha arusi yake. Na kila siku Famau alikirudisha kitupu na salamu kwamba chakula ni kitamu, Mungu amweke. Mwanakheri alifurahi na moyo ukamuuma papo hapo.

Siku moja, chini ya ukuta wa gereza, jini Dahmari akamtokea, amejaa chokaa mpaka kwenye kope. Binti wa watu akakikumbatia chungu kisianguke, kwani Famau ana njaa. Jini akaomba tonge kwa adabu, akaeleza kuwa majini hawali chumvi, na mji mzima ni chungu hiki tu kilichomnukia. Mwanakheri akamgawia fungu lake mwenyewe. Jini akala na kulia, maana tangu afungwe peteni hakuna aliyewahi kumkaribisha.

"Binti yangu," akasema, "nimekula chako, sina budi kukulipa. Lakini ukuta ni amri ya pete, siwezi kuuvunja. Omba jingine."

Mwanakheri akafikiri sana. "Basi Sultani akikuamuru chumba kingine, kiunganishe na vile vyote vya zamani, na mlango wake utokee barazani kwake."

Mwaka ukageuka, waziri akaomba vyumba, Sultani akasugua pete, na lo! ukuta wa baraza ukafunguka mlango, wakatoka watu wamekonda, wanafinya macho kwa mwanga, na mbele yao Famau na chungu chake mkononi. Sultani akashtuka, akamwuliza kosa lake.

"Nimeambiwa niliiba punda, bwana wangu. Nami kila alfajiri namsikia akilia zizini kwa waziri."

Waziri akatazama viatu vyake. Sultani akamwuliza wa pili, na wa tatu, na wengi wao hawajapata kumwona kadhi, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote. Akalichukua fungu la kuta akawapa makadhi wapya, wasio na hatia wakaachiwa, na wenye hatia ya kweli wakafundishwa kazi, na kodi ya chumvi akaifuta, na pete akaivua, jini akaenda zake huru.

Famau na Mwanakheri wakaozwa, Sultani akatoa mahari na duka la nguo. Baada ya karamu, walipobaki wawili, bibi arusi akamwuliza mumewe kama kweli hakujua kuwa chakula hakina chumvi.

"Nilijua tangu tonge la kwanza," akasema Famau. "Lakini ningesema, ungekiuza kitambaa cha arusi ukanunue. Nikaona bora nile, nikusifu."

Mwanakheri akacheka, kisha akalia, akamshika mkono asiuachie.

Na kila Alhamisi waliweka mlangoni chungu kisicho na chumvi, na asubuhi wakakikuta kitupu, kimeoshwa. Enyi mnaogawa mali ya watu, kuta hazishibi. Mpeni kwanza anayesikiliza. Mimi nimefika hapo, anayejua zaidi na aongeze.