Mlango wa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na majirani wa kuwasengenya, Bi Pimbi mdogo wa majabalini alimlipa Fundi Fisi seremala amtengenezee mlango. Alilipa pesa yote kabla, maana Fisi hashiki msumeno mpaka ashike pesa.

Basi ukawa mlango wa njoo kesho. Mara mbao mbichi, mara gundi imekwisha, mara fundi ana mafua. Mafua gani hayo, na jana tu kaonekana harusini anatafuna mpaka mifupa ya sahani ya jirani? Mimi simo.

Huku Chui ameanza kupitapita majabalini, anawasalimia watoto wa Pimbi kwa majina. Mama wa watu usingizi ukamruka.

Asubuhi moja akampitia Nyati. Nyati naye alikuwa amelipia kitanda kwa Fisi, na bado analala chini.

"Kaka Nyati, twende kwa fundi."

"Ah, dada, tutamuudhi," akasema Nyati, na mapembe yote yale. "Akikasirika hatatengeneza kabisa."

"Kwani sasa anatengeneza? Wewe njoo usimame tu."

Wakamkuta Fisi barazani na mteja mpya, Ngiri, aliyekuja kuagiza kiti, pesa yake mkononi.

"Fundi," akasema Pimbi, mpole kama maji mtungini, "leo sikuja kudai. Nimekuja kukutetea. Huko kisimani wanasema mlango wangu hujaugusa hata kwa randa."

Fisi akamtupia Ngiri jicho, akatunisha kifua. "Wambea hao. Mlango wako tayari. Uko humu ndani, unakauka rangi."

"Wangu mimi?"

"Wako wewe. Ukipata wa kukubebea, hata sasa hivi chukua."

Alijua Pimbi hawezi kubeba hata kigoda.

"Ahsante, fundi. Kaka Nyati, ingia."

Wakaingia. Humo ndani hamkuwa na ubao hata mmoja. Kitanda cha Fisi, chungu, na mifupa. Mlango ulikuwa ule ule waliopitia.

Nyati akapenyeza pembe. Kwaa! Bawaba zikang'oka.

"We, we, we, huo mlango wangu," Fisi akaruka.

"Ngoja, fundi." Pimbi akapaza sauti imfikie Ngiri vizuri. "Umesema wangu uko humu. Humu upo huu tu. Sasa sema mbele ya mteja wako: huu ni wangu, au pesa yangu uliila ukanidanganya?"

Ngiri akafumba mkono. Fisi akaiona pesa inapotea vidoleni.

"Ni... ni wako, Bi Pimbi."

"Mkubwa kidogo. Nitaukata mwenyewe, nisikusumbue."

Ngiri naye akaaga. "Mimi kiti changu nitakilipia nikishakiona," akasema, akaenda zake.

Nyati alikuwa amefika uani, mlango mgongoni. Akasimama. Akautua taratibu, akageuka, na safari hii hakuinamisha kichwa.

"Fundi," akauliza, "na kitanda changu nacho si kiko humo humo ndani?"

Basi wajukuu, aliyelipia kabla haombi hisani: anadai chake, au arudishiwe pesa yake.