Ngano ya Ambakisye Iliyokosa Punje

Mbegu hula udongo, haili sifa. Mmeyasikia maneno hayo leo shambani, mkaniuliza yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Kule Uporoto, juu mlimani ambako udongo ni mwepesi kama majivu, aliishi mkulima aitwaye Ambakisye, pamoja na mkewe Sekela, watoto wao watatu, na mama yake mzazi, Tusajigwe. Ngano yao ilikuwa fupi, nyekundu, yenye masuke madogo. Watu wa bondeni waliicheka wakaiita ngano ya kuku. Hata hivyo, hakuna mwaka iliowalaza njaa.

Siku moja Ambakisye alishuka bondeni kumzika shemeji yake. Huko akaona ngano inayomfika mtu kifuani, masuke yamenenepa, na kila mtu anaisifu. Moyo ukamwenda mbio. Aliporudi nyumbani akakusanya mbegu yote ya zamani ili akaibadilishe kwa ile ya bondeni.

"Bakiza japo kibaba, mwanangu," mama yake akamsihi. "Ile ya bondeni imezoea ardhi iliyoshiba. Hii yetu imezoea majivu haya."

"Mama, ngano inayosifiwa na nchi nzima itashindwa na kilima chetu?"

Hakubakiza hata punje.

Mvua zilinyesha vizuri. Ngano mpya ikapanda juu, majirani wakaja kuitazama. Baadaye ncha za majani zikaanza kuwa nyeupe na kujisokota kama uzi. Ambakisye aliziona, akajiambia ni baridi tu.

Siku ya kuvuna, Tusajigwe alichuma suke, akalifikicha viganjani, akapuliza. Makapi yakaruka. Kiganja kikabaki kitupu. Ambakisye akafikicha la pili, la tano, la kumi. Shamba zima lilikuwa mabua na makapi.

"Nimekosea wapi, mama? Mvua si imenyesha?"

"Imenyesha. Lakini udongo huu umepungukiwa na kitu tusichokiona kwa macho. Mbegu yetu ilijua kukitafuta, chembe kwa chembe. Hii haijui. Uliichagua kwa kusikia ikisifiwa, baba, na mbegu hula udongo, haili sifa."

Njaa ikaingia. Wakala mboga za porini, kisha mizizi. Kila jioni Tusajigwe alisema ameshakula. Sekela alipogundua kwamba bibi huyo alikuwa akiwagawia wajukuu fungu lake, mwili wa bibi ulikuwa umekwisha. Akafa kabla ya mvua za kwanza. Siku tisa baadaye akafuata Lwitiko, kitinda mimba. Ambakisye alichimba makaburi yote mawili kwa mikono yake, na udongo ule mwepesi haukumpa hata taabu ya kuchimba.

Baada ya matanga alizunguka kijiji hadi kijiji akiomba mbegu ya ngano ya kuku. Mjane mmoja akampa viganja vitatu. Akavipanda, akavuna, akapanda tena. Misimu mitatu hakuna aliyeruhusiwa kutafuna punje yake, hata watoto walipolia. Msimu wa nne ndipo Sekela alipotwanga, wakala mpaka chungu kikaisha.

Tangu hapo, kila jirani aliyemjia na mbegu ngeni akiimwagia sifa, Ambakisye alimuuliza jambo moja tu: "Imeshawahi kuzaa katika majivu yetu?" Jirani akijibu kwamba bado, Ambakisye alimwambia yale aliyoambiwa na mama yake akiwa amesimama katikati ya makapi: mbegu hula udongo, haili sifa.