Chumvi ya Kwale

Paukwa! Pakawa!
Uongo njoo, utamu kolea, chumvi ibaki jikoni. Imebaki? Haya, sogeeni.

Hapo kale Bi Nungu, nungunungu mkongwe, aliishi peke yake. Bintiye Siwema alikuwa ameolewa ng'ambo ya mlima. Aliyewapelekea salamu ni ndege Kwale, na Kwale alimpenda bibi huyu, akapenda zaidi kumwona akicheka.

Mara ya kwanza Siwema alisema, "Mwambie mama tumevuna." Kwale akafika, akasema, "Bibi, wamevuna hadi ghala limepasuka." Bi Nungu akacheka.

Mara ya pili, "Mwambie mama tumejenga." Kwale akasema, "Bibi, nyumba ina vyumba hata mwenyewe anapotea." Bi Nungu akacheka, ila kidogo.

Mara ya tatu Siwema alikuwa kalala, kitoto ubavuni, sauti imemkauka. "Mwambie mama nimejifungua. Sina wa kunipikia uji. Aje."

Njiani Kwale akawaza: nikilisema hivi, bibi wa watu atalia. Akafika, akasema, "Bibi, Siwema kajifungua, na wapishi wamejaa hadi uani, wanagombea mwiko."

Bi Nungu hakucheka. Unga wa ulezi alikwisha ufunga kwenye kanga, akiisubiri siku hiyo. Akaufungua, akaurudisha mtungini.

"Basi hanihitaji," akasema.

Akageukia chungu cha kunde, akatia chumvi. Akafuta macho, akatia tena. Akasahau, akatia tena. "Karibu ule, mwanangu."

Kwale akaonja, akatema. "Bibi, chumvi imezidi. Kunde zenyewe hata sizisikii."

Aliposikia maneno yake mwenyewe, aibu ikamshika. Akainamisha kichwa. "Nisamehe, bibi. Nimetia chumvi."

"Wewe? Si nimetia mimi?"

"Si kwenye kunde. Kwenye maneno. Hakuna mpishi hata mmoja. Siwema kasema mama aje."

"Kasema nije?"

"Kasema uje."

"Mimi?"

"Wewe, bibi."

Bi Nungu akacheka huku machozi yakimtoka, kicheko ambacho Kwale hakuwahi kukipata kwa maghala wala kwa vyumba. Akaufunga unga, akashika mkongojo. Kwale hakuruka. Alitembea naye polepole mpaka ng'ambo, uji ukapikwa.

Tangu hapo anayezidisha habari huambiwa katia chumvi. Ukimpenda mtu, mpelekee neno kama lilivyotumwa.

Hadithi imeiva, naiepua. Nami sikuongeza kitu, ila ule mkongojo. Nilimhurumia magoti.