Betri ya Marehemu Digidigi

Hamjambo, mliokaa?
— Hatujambo, tumekaa.
Mmesogeleana?
— Tumesogeleana.
Mmeacha nafasi?
— Ya nani?
Ya yule ambaye hakuja.
— Tumeacha. Lete ngano.

Basi hapo kale, wanyama walipokuwa ndio kwanza wanajifunza kuendesha magari, palikuwa na Bwana Digidigi na mkewe. Digidigi hutembea wawili wawili, mnajua. Mmoja akiinamisha kichwa kula, wa pili anaangalia njia. Bwana alikuwa fundi wa umeme wa magari, na Bi Digidigi ndiye aliyemshikia tochi.

Siku moja Mungu akamchukua bwana. Bi Digidigi akawa anatembea peke yake, akigeuka nyuma kila mara, na nyuma hakuna mtu.

Hakuachiwa mali. Aliachiwa pikapu kuukuu iliyokufa injini, na ndani yake redio iliyokwamisha kaseti. Katika kaseti ile marehemu alijirekodi akijaribu mashine. Jioni, Bi Digidigi akishaswali magharibi, hukaa kiti cha abiria akabonyeza, kach!

"Moja, mbili. Moja, mbili. Mke wangu, unanisikia? Kama unanisikia, lete chai."

Naye hujibu, "Nakusikia, mume wangu." Kisha huenda kulala.

Siku ya arobaini akaja Kiboko na gari lake lenye maspika. Mwili mkubwa, mdomo mkubwa.

"Shemeji, kisomo cha marehemu lazima kisikike mpaka ng'ambo ya mto! Naazima betri ya pikapu. Kesho narudisha."

Kisomo kikaisha, pilau ikaisha, Kiboko akaondoka na betri. Jioni ile Bi Digidigi akabonyeza, kach! Kimya. Betri nyingine hakuwa na uwezo wa kuinunua.

Alipotoka eda akaenda mtoni. "Shemeji, nimefuata betri."

"Kesho, shemeji, kesho."

Akaenda tena. "Shemeji, nimefuata betri."

"Kesho, shemeji, kesho."

Na huko nyuma muziki unapiga, du! du! du! mpaka ndege wanahama viota.

Alipokwenda mara nyingine, pua yake ndefu ikanusa harufu. Fff, fff. Plastiki inaungua. Akachungulia. Kumbe Kiboko kaunga maspika yale na betri ya marehemu kwa waya mwembamba wa taa ya sebuleni!

Angenyamaza tu, gari lingewaka moto na Kiboko ndani yake. Bi Digidigi akasimama kidogo. Akasema moyoni, Ya Rabi, wewe unaona. Akapaza sauti:

"Shemeji, gari lako litaungua!"

"Wivu huo!"

"Shika waya."

Kiboko akashika. "Yalaaa!" Akatia mkono mtoni, chwiii.

"Nifungie wewe basi, shemeji. Malipo utakayo, ila betri siitoi."

"Sitaki malipo. Nikimaliza, ukiona betri ya marehemu inakufaa, kaa nayo. Ukiona haifai, unipe kwa mkono wako."

Kiboko akacheka mpaka maji yakapanda ukingoni. "Nimekubali!"

Bi Digidigi akafuata vifaa vya marehemu kwenye pikapu, akaanza kazi, polepole, kama alivyomwona mumewe. Kwanza akachomoa vichwa vya betri, umeme usimrukie. Akavuta waya mnene wa shaba. Ulipopita kwenye tundu la bati akauvalisha mpira, bati lisije likaukata. Waya wa bodi, ule wa kurudishia umeme, akaukwangulia rangi mpaka bati likang'aa, ndipo akaukaza. Kisha karibu kabisa na betri ya marehemu akatia fyuzi. Fyuzi ndogo. Saizi ile ile ya redio ya pikapu.

"Jaribu, shemeji."

Kiboko akawasha. Muziki ukatoka laini, mzuri. Akapandisha. Du! du! Tak! Kimya.

Bi Digidigi akatia fyuzi nyingine ndogo. Kiboko akapandisha. Du! Tak! Kimya.

"Kinakatika nini?"

"Fyuzi. Inakatika ili wewe usiungue."

"Itoe!"

"Niitoe? Mkono umeshapoa?"

Kiboko akatazama mkono wake. "Basi tia kubwa!"

"Kubwa ninayo, inatosha waya huu. Lakini hiyo nimeiwekea betri yako ya injini, ile kubwa. Hii betri maisha yake yote iliendesha redio moja na sauti moja."

"Kumbe nimefuga maiti!" Kiboko akaing'oa betri, akamkabidhi kwa mkono wake mwenyewe. "Chukua! Nifungie kwenye ile yangu!"

Bi Digidigi akafunga, na fyuzi kubwa akaitia mahali pake. "Ila, shemeji, usipige muziki injini ikiwa imezimwa. Utaikausha betri."

Nani amsikie, na muziki umeshaanza? DU! DU! DU!

Akaondoka akiisukuma betri kwa kifua, anasukuma, anapumzika, anasukuma. Nayo ilikuwa imejaa chaji, kwa mafuta ya Kiboko.

Jua linazama, muziki ukaanza kulegea. Du... duu... duuu... Kisha kri, kri, kri. Kiboko anawasha gari, gari haliwaki. Mto wote ukanyamaza.

Katika kimya kile, kach!

"Moja, mbili. Moja, mbili. Mke wangu, unanisikia?"

"Nakusikia, mume wangu."

Mara vishindo, tifu, tifu. Kiboko kasimama dirishani, anahema. "Shemeji, niazime betri niwashie gari tu."

"Kesho, shemeji," akasema Bi Digidigi. "Kesho."

Kiboko akarudi kwa miguu. Bi Digidigi akainuka, akachemsha chai, akamimina vikombe viwili. Kimoja akanywa. Kimoja akakiweka kwenye kiti cha dereva, akakitazama mpaka kikapoa.

Funzo, wanangu, mkimuuliza Kiboko, ni hili: anayetaka kusikiwa apige kelele, na aliyeazimisha kitu asikidai.

Ngano yangu imekatika fyuzi. Kunjeni mkeka. Ile nafasi iacheni wazi.
— Tumeiacha.