Jina Moja Chini ya Picha ya Raya

Hapo zamani, na simaanishi zamani za majini, namaanisha zamani za filamu za picha thelathini na sita, palikuwa na wanawake watatu mjini Mombasa waliopiga picha za harusi. Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa anamenya chungwa.

Wa kwanza alikuwa Bi Barke, mwenye studio. Miaka thelathini alipiga picha za kupamba, ile siku ya wanawake peke yao, bibi harusi anapoketi jukwaani kichwa wazi, asmini na dhahabu tele, na mwanamume haingii hata awe nani. Kama si Bi Barke, wangapi kati ya mama zetu wangekuwa na picha ya siku yao? Najivuna nikimtaja. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, na kamera akamwachia wa pili.

Wa pili alikuwa Mwanamkuu, aliyejifunza kwake kwa miaka minane, mtu wa maneno machache na subira ya kuudhi. Wa tatu alikuwa Arafa, mshika waya na filamu, mcheshi, mdomo hauna breki. Na huyu Arafa alikuwa dada mkubwa wa Raya, na Raya ndiye bibi harusi wa hadithi hii.

Nyanya yao Arafa na Raya, Bi Mwanate, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukumbi wa akina mama. Ukutani mwa ukumbi ule zilitundikwa picha za mabibi harusi wa miaka na miaka. Zote nzuri, zote na kasoro moja. Bibi harusi lazima aonekane mzima, kwa hiyo mpiga picha husimamisha kamera wima. Kamera ikisimama, flashi iliyo juu yake inalala ubavuni. Mwanga ukitoka ubavuni, kivuli kinaruka upande wa pili, kinajibandika kwenye kitambaa cheupe cha jukwaani, cheusi tii, kando ya sikio kama pembe ya mbuzi. Wanawake waliziita picha zile za pembe.

Bi Mwanate akawaita wote watatu.

"Nataka picha moja ya Raya," akasema. "Kuanzia asmini ya kichwani hadi hina ya miguuni. Na sitaki pembe! Ikitoka bila pembe nitaitundika mlangoni kabisa, kubwa, na chini yake kibao cha shaba chenye jina la mwenye kazi hiyo."

"Majina yetu, Bi Mwanate?" akauliza Bi Barke.

"Jina, mwanangu. Moja. Sitaki kibao cha mjukuu wangu kigeuke orodha ya wapiga kura."

Wakatazamana. Nyinyi mwaweza kusema kibao ni kitu gani. Miaka thelathini, picha zote zile ukutani, na hakuna hata moja iliyoandikwa nani kaipiga. Watu walisema hii ni ya harusi ya fulani, ile ni ya harusi ya fulani, basi. Jina la mpiga picha halikuwahi kuandikwa popote, na kila mmoja wa wale watatu alilitaka.

Bi Barke akaenda kutafuta breketi. Breketi ni mkono wa chuma. Mguu wake unafungwa chini ya kamera, kichwa chake kinabeba flashi, na waya mfupi unaiunganisha flashi na kamera. Breketi ikiwa nzuri, kamera ilale, kamera isimame, flashi hubaki juu ya lenzi, na kivuli huangukia nyuma ya mgongo wa mtu, kisionekane. Ikiwa mbaya, umejibebesha chuma bure.

Muuza vifaa akamletea ya kwanza, inang'aa kama sufuria mpya. Bi Barke akaibeba siku nzima studioni, akaona bega linamwaka. Akairudisha. "Hii hapana."

Akamletea ya pili, nyepesi. Bi Barke akamketisha binti wa jirani mbele ya shuka jeupe, akasimamisha kamera, na flashi ikalala ubavuni vilevile. "Hii hapana."

Akamletea ya tatu, inageuka vizuri. Bi Barke akaigeuza mara mia mbili, akihesabu kwa sauti, na bawaba ikaanza kulegea. "Hii pia hapana."

"Bi Barke," akasema muuza vifaa, "wanunua breketi au watafuta mkwe?"

"Mkwe ningekwisha mpata. Lete nyingine."

Akamletea ya nne, mbaya kwa sura, nyeusi, imechubuka, imekaa pembeni mwa duka hata mwenyewe ameisahau. Bi Barke akaibeba siku nzima kwa mkono ule unaotetemeka. Kwa nini mkono mbovu? Alisema chuma kitakachouvumilia mkono wake hakitamchosha mtu mwingine yeyote. Akaigeuza mara mia mbili, bawaba ikashika. Akampiga picha binti wa jirani, akaisafisha filamu mwenyewe chumbani mwake, akaitazama picha. Hapakuwa na pembe. Akaketi chini, akalia, akacheka. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevimba kwa kazi ile, na siku ya kupamba hakuweza hata kufunga kitambaa chake mwenyewe. Akabaki nyumbani.

Siku ikafika. Alasiri, wanawake wakajaa ukumbini, madirisha yamezibwa kwa mapazia mazito ili mtu asichungulie, ndani kiza. Mlangoni alisimama Bi Swafiya, mpekuzi. Msimcheke Bi Swafiya. Mwaka uliotangulia picha ya bibi harusi mmoja ilitoroka, ikaonekana imebandikwa kwenye kioo cha kinyozi, na familia nzima ikahama mtaa kwa aibu. Tangu siku ile Bi Mwanate aliamuru: mpiga picha mmoja, kamera moja, na kitu kingine chochote chenye kioo na waya kibaki mlangoni.

Bi Swafiya akafungua mkoba wa Mwanamkuu, akaitoa breketi, flashi imo kichwani mwake, waya unaning'inia.

"Na hii kamera ya pili ni ya nini?"

"Si kamera, Bi Swafiya. Ni chuma cha kushikia taa."

"Ina kioo?"

"Cha taa."

"Ina waya?"

"Wa taa."

"Basi ni kamera. Fungeni taa yenu juu ya kamera kama watu wote, chuma kibaki hapa."

Mwanamkuu akamwachia Arafa maneno. Arafa akasema mpaka akaishiwa maneno, na hilo si jambo dogo. Bi Swafiya hakutikisika. Akasema, "Kikiingia, mtu abaki na mimi hapa nje mpaka kitoke. Na awe wa damu ya bibi harusi, ili picha ikitoroka aibu iwe yake. Sitaki dhamana ya mtu baki."

Wa damu aliyekuwa mlangoni alikuwa Arafa peke yake; wengine wote, hata Bi Mwanate, walikuwa ndani na ngoma imekwisha kuanza. Sasa jueni: Arafa ndiye aliyepangiwa kumshika mkono Raya na kumpandisha jukwaani. Mama yao alikuwa amefariki. Arafa ndiye aliyemlea Raya, ndiye aliyemchagulia gauni, na kwa mwezi mzima alikuwa akifanya mazoezi ya kupanda ngazi za jukwaa bila kukanyaga pindo. Akausikia mlio wa ngoma ndani. Akaichukua breketi mikononi mwa Bi Swafiya, akampa Mwanamkuu.

"Nenda," akasema. "Mwambie Raya nimeshikwa na kazi."

Akaketi kwenye kiti cha mlangoni, ubavuni kwa Bi Swafiya, na mlango ukafungwa. Binti wa shangazi yao ndiye aliyemshika Raya mkono. Arafa akavisikia vigelegele kupitia ubao wa mlango, na akalia waziwazi, bila kujificha.

Ndani, Mwanamkuu akafanya kazi. Akapiga wageni, akapiga wapambaji, akapiga mashangazi, kila shangazi mara mbili. Raya alikuwa ameketi, macho chini, kama desturi yetu inavyotaka. Bibi harusi hatazami watu, hacheki, anatulia. Mwanamkuu akampiga hivyo mara kadhaa, picha safi, pembe hakuna. Angeweza kuishia hapo, na mtu yeyote angemwambia ahsante. Lakini akahesabu filamu: imebaki picha moja. Akasimamisha kamera wima, akaipandisha machoni, akangoja.

"Piga!" wakasema mashangazi.

Akangoja.

"Mwanamkuu, mkono hauchoki? Piga!"

Akangoja. Nyimbo tatu zikaimbwa zikaisha. Na hapo Raya, ambaye kutwa nzima hakuinua macho, akayainua. Alitazama mlangoni. Alikuwa anamtafuta dada yake. Shingo imenyooka, kidevu juu, macho makubwa yamejaa mapenzi na fahari, kana kwamba anasema huyo aliyenilea yuko wapi aje anione. Ilikuwa punje ya muda, kisha macho yakashuka tena.

Mwanamkuu alikuwa ameshapiga.

Mimi picha ile nimeiona. Kutoka asmini hadi hina, kila kitu kimo. Kitambaa nyuma yake cheupe, hakina doa. Na yale macho! Hakuna mwanamke aliyesimama mbele ya picha ile asiyevuta mgongo wake ukanyooka. Bi Mwanate akaletewa. Aliishika, akaiweka, akaishika tena, akaniambia mimi, niliyekuwa karibu, nimletee miwani yake, na miwani alikuwa ameivaa.

Kisha akamwita fundi wa shaba, na akawaita wale watatu. "Semeni," akasema, "na asijinyenyekeze mtu hapa. Mwenye haki aidai."

Bi Barke akasema, "Jina ni langu. Ukuta mzima ule una pembe, na pembe zile nyingi ni zangu, nazijua moja moja, zimenikosesha usingizi. Mimi ndiye niliyekataa tatu zilizong'aa nikaichukua moja iliyochubuka. Niliuumiza mkono kwa ajili yake. Mwanamkuu alingoja nyimbo tatu kamera imo machoni. Mbona mkono wake haukushuka? Kwa sababu nilimchagulia chuma kisichochosha. Bila chaguo langu, macho yale yangekuwa na pembe juu yake, na nyote mngecheka."

Mwanamkuu akasema, na kwake yeye hii ilikuwa hotuba, "Jina ni langu. Breketi haioni. Mlango haupigi picha. Watu mia mbili walikuwa ndani na hakuna aliyejua kwamba Raya atainua macho, wala mimi sikujua. Lakini mimi peke yangu ndiye niliyengoja. Ningewasikiliza mashangazi, mngekuwa na picha ya kope. Bi Barke, ulinifundisha mwenyewe kwamba picha ni ya jicho lililoiona."

Arafa akasema, "Jina ni langu. Chuma chako, Bi Barke, kilikuwa kimekwisha kufia mlangoni mikononi mwa Bi Swafiya. Na jicho lako, Mwanamkuu, lingekuwa linatazama pembe. Mimi ndiye niliyekiingiza. Na hayo macho mnayoyasifu, yanamtafuta nani? Ningekuwa ndani, nimemshika mkono, Raya asingeinua kichwa hata kidogo. Nyinyi mnaiona picha ya Raya. Mimi naona mtu ananitafuta na sipo. Watu mia mbili walimwona dadangu siku yake. Mimi nilimwona kwenye karatasi."

Hapo Bi Barke akamkumbatia Arafa, lakini sikilizeni, hakuliondoa dai lake. Mwanamkuu akamkumbatia naye, wala naye hakuliondoa lake. Wala mimi siwalaumu. Walikuwa wamefanya kazi ya kutajwa, na walijua hivyo.

Bi Mwanate akatazama huku, akatazama huku. Akasema, "Mimi ni nyanya wa mmoja. Nikimpa Arafa mtasema damu, nikimnyima mtasema naogopa kusemwa. Sihukumu." Akatoka nje, akatuachia kazi.

Basi wenzangu, fundi ameinama, shaba ipo mbele yake tupu, ameshika patasi na anasubiri herufi ya kwanza. Kuna aliyeichagua breketi kwa mkono unaouma. Kuna aliyeiingiza kwa kuipoteza siku ambayo haitarudi. Kuna aliyeitumia kwa picha ya mwisho, kwa wakati ambao mwingine yeyote angekuwa ameshachoka kungoja. Jina ni moja, na Raya anatutazama sote kutoka kwenye picha yake.

Je, nani alistahili kuandikwa? Na wale wawili, nani atawatazama usoni na kuwaambia si nyinyi?