Moshi wa Nyumba Isiyo na Mtu

Hapo zamani, na mwaka msiniulize maana mnatafuta pa kunishikia uongo, palikuwa na mji mlimani wenye ghala la akiba ya uzeeni. Kila mkazi akivuna aliweka humo kapu la mahindi. Jumbe, mkuu wa mji, hakulitoza ushuru kapu hilo, na mwenye kapu alikuja kulila akizeeka. Lakini aliyehama hakuruhusiwa kuweka. Akiweka, kapu ni la Jumbe. Na mkazi ni nani? Sheria ilisema ni yule ambaye moshi unatoka jikoni kwake.

Mnasikia? Ilisema moshi, haikusema mtu. Mimi hapo ndipo niliposhtuka.

Basi mkazi mmoja, Semvua, akahamia bondeni kutafuta maisha, akaoa huko, akajenga huko. Dada yake Nakiete akabaki akilima shamba la kaka. Kila jioni aliwasha moto katika nyumba ile tupu, moshi ukatoka. Kila mavuno alipeleka kapu kwa jina la kaka, na Mzava mlinzi wa ghala akapokea. Mzava alijua. Jiko linawaka na halinuki mboga hata siku moja, nani asijue? Ila kila kapu alichota bakuli lake, basi akanyamaza.

Semvua akarudi mzee, mke amekufa, nguvu za jembe hana. Akaomba makapu yake. Jumbe akaingia jikoni kwa Semvua, akafunua chungu. Ndani buibui alikuwa ametanda.

Jumbe akasema huyu alihama zamani, makapu ni yangu.

"Kama mngeyakataa, ningeweka akiba yangu bondeni," alisema Semvua. "Mmepokea miaka yote, leo ndiyo mnaniambia nilihama?"

"Shamba ni lako, kaka, lakini jasho ni langu," alisema Nakiete. "Na mimi nimezeeka, na kwa jina langu sikuweka hata kapu moja."

Mzava akasema sheria ilimtaka atazame moshi, naye aliutazama. Jumbe naye, mimi ninayewasimulia, simwamini. Kutoka barazani kwake nyumba ile ilionekana vizuri, na alingoja mpaka ghala lijae.

Kaka na dada wakakaa mlangoni pa ghala, hawajala tangu asubuhi.

Haya, semeni. Nani ayale mahindi yale, na nani alale njaa? Na wewe uliyetangulia kunyoosha mkono, tuambie kwanza: moshi wa kwako anauwasha nani?